Nilivyowasemea Watu wa Aparacia

Hapana, Kiingereza sijui. Hata kidogo. Na usinitolee macho, Kendi, hiyo ndiyo ulikuwa unaenda kuniuliza kwanza, kila mtu huanza na hiyo. Shika simu vizuri isirekodi paja lako. Umesema madijei wenzako wa Kangeta wanataka kusikia vile huyu cucu, huyu nyanya mzee, ametafsiri filamu za Amerika miaka hiyo yote, na darasa hajawahi kuingia hata kufagia. Sawa, waambie nimesema hivi: sikutafsiri. Niliwasemea. Mtoto mchanga akilia, mama yake husema, "Ooo, nataka nyonyo, nimechoka na huyu mgeni." Kwani mtoto amesema hivyo? Amesemewa. Basi ndiyo kazi yangu.

Na kabla sijaanza, wajue nimelala. Tangu niache hii kazi nalala kama gunia ya viazi. Asubuhi naamka, koo haina neno, nakunywa chai ya maziwa tupu. Tangawizi sitaki hata kuinusa, nimeitafuna ya kutosha mpaka nikifa itaota juu ya kaburi langu. Siku niliweka maiki chini, mabega yangu yalishuka mpaka nikafikiri nguo imekatika. Kuna mtu alisema neno moja siku hiyo. Nitafika hapo. Nyinyi vijana mnapenda kuruka mpaka mwisho, lakini leo rimoti iko na mimi.

Nilianza na karai. Saidi alikuwa na bucha hapa Laare, bucha mbele, video nyuma, na mimi katikati naosha matumbo. Saidi mnamjua, Mwislamu wa hapa mjini, babu mmoja Mborana, babu mwingine ukimuuliza anacheka tu. Kiswahili nilifunzwa na mke wake, mama wa watu, anasema maneno moja moja kama anapanga vikombe. Kilikuja kwangu kikiwa kimevaa kanzu safi. Nikakivua, nikakivalisha gambuti, tukaenda shamba.

Nyuma hapo kwa mabati ndipo Njeru alikuwa anafanya kazi. Njeru wa Embu, kijana amesoma, shati imepigwa pasi. Filamu ikiwekwa, yeye anasikiza Kiingereza halafu anasema Kiswahili kwa maiki. Shida yake moja: alikuwa na sauti moja. Polisi anaongea, ni Njeru. Msichana analia, ni Njeru. Mbwa anabweka, ukisikiza vizuri, ni Njeru wa Embu. Mimi nikiwa na karai yangu huku nje nikawa namwiga, nawachekesha wamama wa matumbo. Naweka mkono kwa kiuno, natoa sauti ya puani, "Nakupenda mpenzi, panda gari twende." Siku moja nikageuka nikamkuta amesimama nyuma yangu. Nikajua leo naitiwa Saidi, kazi imeisha.

Akaniambia, "Mama, sema tena, lakini sasa wewe ni msichana."

Nikasema kama msichana. Akasema, "Sasa wewe ni baba yake." Nikasema kama baba yake. Akanishika mkono, na mkono bado uko na matumbo, akaniingiza ndani.

Siku ya kwanza maiki ilinipigia kelele, wiiiii, nikaitupa. Watu wakacheka mpaka wengine wakasahau walikuja kuona filamu. Njeru akanifunza vitu ambavyo sijasikia mwingine akifunza, kwa hivyo shikeni. Maiki funga leso, mate yasiingie. Usisimame mbele ya spika. Usiangalie mdomo wa mtu, mdomo wa mzungu hauna habari, angalia mikono. Mtu anadanganya, mkono unatafuta mfuko. Mtu anapenda, mkono unatafuta kazi: unapanga kikombe, unashika kifungo cha shati. Na wakinyamaza, wewe pia nyamaza. Hiyo ya mwisho ilinichukua miaka.

Sasa filamu zenyewe. Saidi alinunua katoni moja ya dividi kwa mtu wa Nairobi, akaambiwa ni za kupigana. Tukafungua. Hakuna karate, hakuna kaoboi, ni milima. Filamu baada ya filamu, na ile ya vipindi virefu, na ile ya kupika, na ile ya kwaya, zote ni mahali pamoja, milima ya Amerika upande wa kutoka jua. Njeru akasoma kwa karatasi akasema inaitwa Apalachia. Mimi nikasema Aparacia na imebaki hivyo mpaka leo.

Saidi akashika kichwa. "Yaani nimeuziwa milima? Milima si tunayo hapo nje, tena bure?"

Akataka kuikata hiyo katoni afunikie nyama. Lakini jioni hiyo hakukuwa na nyingine, tukaweka. Ukungu unashuka kwa miti, nyumba za mbao zimekaa kwa mteremko kama zimechoka, mzee ametoka nje na blanketi anaangalia mpaka wa shamba kama jirani ameusogeza. Watu wakasogea mbele. Mzee mmoja akasema, "Hapo ni Nyambene, milima yetu." Halafu wale wazee kwa skrini wakaanza kutafuna. Wametia kitu shavuni, shavu limesimama, wanatema. Jamani! Laare yote ikasimama. Wanatafuna kama sisi! Njeru akaninong'oneza ni tumbaku. Nikamwambia funga mdomo, hiyo ni miraa, usiniharibie kazi.

Kutoka siku hiyo katoni haikufunika nyama. Kulikuwa na ya familia mbili zinauana kwa sababu ya nguruwe. Kulikuwa na ya wapika pombe, wanaficha mtungi kwa gari, polisi nyuma, kuku wanaruka. Kulikuwa na ya watoto wa mjini wamepotea msituni, wanakatwa mmoja mmoja, hiyo niliwasema vibaya kabisa, nani aliwaambia waache barabara? Na za makaa ya mawe, wanaume wanaingia shimoni asubuhi weupe na wanatoka kama sisi.

Kila mtu nikampa kwao. Wa juu mlimani ni Waigembe, watu wetu wa hapa, haraka haraka, neno linasukuma lingine. Polisi ni Mwimenti wa Meru mjini, anajisikia, anaongea kama amemeza kengele. Wakili anaongea kama mtu wa Nairobi, kwa pua. Mhubiri ni Njeru, nilimwiga hivyohivyo na akakasirika siku mbili. Na nyanya wazee wote, wapika pombe wote wa kike, ni mama mkwe wangu. Mungu amrehemu, mama wa kanisa yule, alikufa hajui ameuza mitungi ngapi Amerika.

Sasa niwaambie juu ya hakimu wangu. Mzee M'Rukunga. Alikuwa anafunga miraa hapo sokoni, vidole vyake vinajua kila kijiti, kwa sababu macho yalimwacha kitambo. Haoni mchana, haoni usiku. Na huyo ndiye hakuwahi kukosa video. Anakaa kwa benchi ya mbele, sikio kwa spika, fimbo katikati ya magoti. Saidi alimwambia alipe nusu, eti anatumia masikio tu. Mimi nikasema alipe yote, huyu ndiye anatumia kazi yangu, hao wengine wanaangalia picha.

M'Rukunga alikuwa na swali moja tu: "Huyo ni nani?" Kama sauti mbili zimekaribiana kidogo, fimbo inagonga chini, ko! "Huyo ni nani?" Njeru akaniambia, "Mama, wengine wanaona. Hata ukikosea watasamehe, mdomo wa mtu wanauona ukifunguka. Yule mzee asipouliza, jua umefanya kazi." Basi mimi nilikuwa nafanya kazi ya watu benchi nzima, lakini nasemea sikio moja.

Kesi ngumu? Ya mguu wa kuku.

Nyinyi wa siku hizi mnakaa na mama mkwe kwa kochi moja mnaangalia watu wakibusiana na mnapitishiana njugu. Sisi hapana. Mwanaume na mama ya bibi yake ni heshima: hawali pamoja, hawasikii maneno ya chumbani pamoja. Na Laare ni ndogo, kwa benchi lazima kuna mtu na mama mkwe wake. Kwa hivyo nikiona watu kwa skrini wanaanza kusogeleana, nilikuwa nasema kwa maiki, "Wakwe, chini!" Na kweli unaona vichwa vinainama, mmoja huku, mmoja kule, mpaka niseme, "Wameachana." M'Rukunga mwenyewe alikuwa anainama. Wewe unainamia nini, mzee? Akasema, "Masikio pia yana heshima."

Haya. Kulikuwa na ile ya vipindi virefu, familia moja kwa nyumba ya mbao. Mama mzee ako na msichana, nikamwita Makena, na kijana nikamwita Mutuma. Njeru alikuwa anaumwa na jino wiki hiyo, hakunisaidia Kiingereza. Mimi naangalia mikono. Naona Mutuma anakaa meza moja na mama mzee, anacheka naye, halafu ananyoosha mkono anamnyang'anya mguu wa kuku kwa sahani. Nikasema moyoni, huyu ni wa kuzaa. Mkwe gani huyo wa kunyang'anya mama mkwe mguu wa kuku? Nikamfanya anamwita "mami". Makena nikamfanya anamwita "kaka yangu". Kipindi baada ya kipindi. Sokoni watu wanasema, kijana wa watu huyo, anavyomtunza dada yake!

Halafu siku moja Mutuma ametoka shimoni, vumbi jeusi mpaka kwa meno, Makena anakimbia kutoka kwa nyumba, na hakunipa hata nafasi ya kusema wakwe chini. Akambusu. Na si ya shavu. Ilikuwa ile ya kuzima taa.

Benchi ilianguka. Mama mmoja akapiga nduru kama ameona nyoka. M'Rukunga anageuza kichwa huku na huku, "Nini? Nini imefanyika?" Hakuna mtu anataka kumwambia.

"Mzee," nikasema kwa maiki, "Mutuma amembusu Makena."

"Makena dada yake?"

"Huyo huyo."

Akasimama. "Nitoeni hapa."

"Ngoja, mzee! Nimeona sasa. Mutuma si kaka yake. Ni bwana yake. Ni mkwe wa hapo nyumbani."

Nikafikiri nimezima moto. Yeye akakaa polepole. "Mkwe," akasema. "Na alikula na mama mkwe?"

"Alikula."

"Mguu wa kuku?"

"Wa kuku."

Kwenu mtaona ni kucheka, lakini wazee watano waligeuza benchi pale mbele wakaanza kesi. Mutuma amevunja heshima ya nyumba. Lazima atoe mnyama. Asipotoa, hakuna mtu anaangalia hiyo familia tena, nyumba imechafuka. Saidi akatoka buchani na kisu mkononi. "Jamani, mbuzi atatoka wapi ndani ya televisheni?" Wakamwambia hiyo si kazi yao, mwenye video ajue. Nikaona kazi yangu inaenda na maji kwa ajili ya kuku mmoja wa Amerika.

Njeru, na jino lake limefura, akachukua rimoti, akapeleka mbele, mbele, mbele, watu wanakimbia kwa skrini kama siafu. Mpaka nikapiga kelele, "Hapo!" Mutuma anapita kwa geti, amevuta kondoo kwa kamba, mama mzee amesimama kwa mlango. Mimi naambiwa baadaye na Njeru eti Mutuma alikuwa anampeleka sokoni kuuza. Sikungoja kuambiwa. Nikashika maiki, nikashusha sauti ya Mutuma mpaka chini kwa aibu: "Mama, nimekuja na huyu. Nilikaa kwako kama mtoto, nikasahau mimi ni mkwe. Nisamehe."

Wazee wakamgeukia hakimu.

M'Rukunga akauliza, "Ni ndume?"

"Ndume, mzee."

"Mnono?"

"Anatembea kwa shida."

Akagonga fimbo. "Basi. Endelea."

Njeru baadaye alirudi Embu akawa mhubiri. Nilienda kumsikia mara moja. Yesu ni Njeru, Petro ni Njeru, jogoo akiwika ni Njeru. Lakini watu walikuwa wanalia, sijui, labda Mungu anapenda sauti moja.

Nikabaki peke yangu na Saidi na katoni. Tulitembea nayo. Kiambere tulienda, joto limekaa juu ya maji ya bwawa yaliyofunika mashamba yao, Wambeere wakaangalia ukungu wa Aparacia wakasema hiyo ni moshi. Tukawawekea moja ya bwawa: serikali ya huko inajenga, maji yanakuja, mzee mmoja anafukua kaburi la baba yake ahame nalo. Nilikuwa nimepanga kumpa sauti ya mcheshi. Nikaangalia mikono yake kwa jembe. Nikamsemea polepole, na maneno machache ya Kimbeere niliyokuwa nayo. Mama mmoja mbele akamjibu mzee wa skrini, "Chimba upande wa kichwa kwanza, baba." Hakuna aliyecheka. Mimi nikanyamaza mpaka mwisho, na hiyo ndiyo filamu nilisema vizuri kuliko zote.

Halafu simu zikakuja, kila mtu akawa na video yake mfukoni, na wewe Kendi ukakuja na laptopu yako. "Shosho, wacha nikushikie mitambo, wewe piga tu domo." Nikakutukana, lakini kazi unajua. Unakumbuka ulipopewa maiki mara ya kwanza? Uliogopa kuliko mimi na matumbo yangu.

Sasa nifike kwa koo. Sauti ya msichana ndiyo ilinitoka kwanza. Asubuhi moja nikamtafuta Makena, hayuko. Nikaanza kuchagua filamu za wanaume watupu. Nikiona msichana kwa kava, narudisha kwa katoni. Halafu watoto wakaenda. Halafu yule Mwimenti, nikimvuta anakuja amechoka, kama ametembea kutoka Meru kwa miguu. Tangawizi, asali, maji moto na chumvi. Saidi, ambaye amezeeka kama mimi, alisema, "Ni vumbi tu, Mama Karimi, kunywa mchuzi." Wewe ukawa unaongeza spika kidogo kidogo, ukifikiri sioni kidole chako. Watu wa benchi wakawa wanacheka mahali pa kucheka, kwa heshima, na hakuna kitu inatisha kama kuchekewa kwa heshima.

Na M'Rukunga alikuwa ameacha kuuliza. Miezi mingi, fimbo haigongi. Nikajidanganya nimekuwa hodari sana.

Kuacha mwenyewe sikuweza. Nilikuwa nafikiri, nikitoka, huyo mzee ataenda wapi jioni? Kendi anasema Kisheng cha vijana, mzee atasikia nini? Video ikifungwa atabaki na giza yake. Kwa hivyo kila siku nikabeba, kama mtu ako na mtungi kichwani na amefika nyumbani, lakini hakuna mtu wa kumsaidia kutua. Nilikuwa nangoja mtu aniambie. Kila siku narudi nyumbani nimekasirika na watu kwa sababu ni wazuri.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko, benchi imejaa. Saidi alichagua ile ya shimo la makaa. Nikafurahi, wanaume watupu. Baba, mkwe wake, na msimamizi wa kazi. Wanaingia shimoni, mlima unakohoa, njia inafunga, taa zinazima. Na skrini ikawa nyeusi. Nyeusi kabisa, hata kidole huoni. Kumbe hiyo filamu walikuwa wameitengeneza hivyo, nusu nzima watu wanaongea gizani tu.

Hakuna mikono ya kuangalia. Hakuna mdomo. Video nzima imekuwa M'Rukunga.

Nikasema kama baba. Nikasema kama mkwe, na heshima yake, anaongea kama ameangalia pembeni hata gizani. Nikasema kama msimamizi, nikamwita yule Mwimenti kwa nguvu zangu zote. Wanapanga nani ataenda mbele kuchimba. Mmoja analia. Mmoja anaomba. Nilikuwa natokwa jasho, nikifikiri, leo nimewaweza. Na benchi, hata kutafuna wameacha.

Fimbo ikagonga, ko!

"Mama Karimi. Simamisha hiyo kitu."

Kendi, ulibonyeza. Nikasikia koo langu likipumua kwa spika.

"Huko chini ya shimo kuna watu wangapi?"

"Watatu, mzee. Baba, mkwe wake, na msimamizi."

Akainamisha sikio karibu na spika, akangoja kidogo, kama ananipa nafasi. Halafu akageuza uso mahali nilikuwa nimesimama, na hakukosea.

"Mimi nasikia mmoja," akasema. "Ni mama mzee, na amechoka. Mtoeni."